Safari ya Nyanya na Saa Nane Zilizokosekana

Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi si kuosha uso. Ni kupiga kelele. Ikifika saa kumi na mbili na nusu, hata kama nina mswaki mdomoni, lazima niite, "Nyanya, sindano!" Naye hunijibu kutoka chumbani, "Nimesikia, askari wangu. Usiuamshe mtaa mzima wa Magongo."

Nyanya Rosalia ana ugonjwa wa kisukari. Hujichoma insulini mara mbili kwa siku, asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya chakula, na hapendi kuchelewa hata kidogo. Vichupa vyake hukaa kwenye mlango wa friji, na hakuna mtu nyumbani kwetu anayethubutu kuvigusa. Tulikuwa na sababu. Mwaka juzi alikwenda matangani Siaya, akaacha dawa Mombasa akisema siku mbili si kitu. Alirudi amebebwa, akalazwa siku sita, na baba yangu akakonda kuliko mgonjwa mwenyewe.

Jina langu ni Lynnette. Wakati wa kisa hiki nilikuwa Gredi ya Saba, na tangu Gredi ya Nne sikuwa nimepitwa na mtu katika hesabu. Sisemi hivyo kwa kujigamba. Au tuseme ukweli tu: wakati ule nilikuwa najigamba sana. Darasani waliniita Profesa, nami nilikuwa naitika.

Mwezi wa pili, shangazi Valarie, dada yake Baba anayeishi Toronto nchini Kanada, alijifungua mtoto wa kike. Akamtumia Nyanya tiketi ya ndege aende akamsaidie kulea. Nyumba yetu ikawa kama soko. Majirani waliingia na kutoka, kila mmoja na ushauri wake kuhusu baridi ya huko, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika.

Jioni moja Baba alitoka kazini, kwenye yadi ya makontena anakoendesha mashine ya kunyanyulia mizigo, akaweka karatasi ya tiketi mezani.

"Lynnette!"

"Abee, Baba."

"Kesho ukitoka shule utamsindikiza Nyanya kliniki. Sista Lavender anataka kujua safari itachukua saa ngapi, ili ampangie sindano. Hebu piga hesabu, Profesa."

Nikaitazama karatasi. Kuondoka Mombasa: Jumamosi, saa tatu asubuhi. Kufika Toronto: Jumamosi, saa mbili usiku. Katikati palikuwa na mistari mingine kuhusu kubadilisha ndege Adis Ababa, lakini sikuisoma. Niisome ya nini? Kutoka saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku ni saa kumi na mbili. Toa moja.

"Saa kumi na moja," nikasema, Baba hajakaa hata kitini.

"Loo! Hata kalamu hakushika!" Baba akacheka, akamgeukia Nyanya. "Mama, unamwona mjukuu wako?"

"Huyo kichwa chake amekitoa kwangu," Nyanya akasema. "Wewe, Dishon, hesabu zilikuwa zikikutoa jasho."

Kesho yake, kliniki, Sista Lavender alipouliza, nilijibu mimi kabla ya Nyanya, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye foleni. Akina mama waliokuwa wakingoja wakageuka kunitazama. Sista akaandika, kisha akamweleza Nyanya, "Basi ni rahisi, mama. Utajichoma ya asubuhi hapa nyumbani. Ukifika Toronto saa mbili usiku, utajichoma ya jioni kabla ya kula. Itachelewa kidogo, kama saa moja na nusu, lakini si vibaya sana." Akampa pia barua yenye mhuri, ya kuonyesha kwamba sindano zile ni za dawa.

Nyanya alifurahi kupita kiasi. Kilichokuwa kikimnyima usingizi si ndege, ni sindano. Alikuwa na hofu kwamba askari wa uwanjani wangemvua nguo mbele za watu wakizikuta mkobani. "Sasa nitafanya hivi," aliniambia njiani. "Kama sijichomi huko juu, dawa zote naziweka ndani ya sanduku kubwa. Mkobani nabeba leso yangu na Biblia. Nani ataniuliza?"

"Hakuna, Nyanya," nikasema. Nilitembea nimeinua shingo kama jogoo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, ambalo mpaka leo nikilikumbuka hujisikia vibaya.

Alhamisi tulikuwa na somo la jiografia. Mwalimu Nyamvula alileta tufe, ile dunia ya mviringo inayozunguka kwenye kijiti chake, pamoja na uzi wa kushonea. Akatuonyesha jinsi ya kupima umbali. Unauzungusha uzi katikati ya dunia, kwenye ikweta, na unajua kwamba urefu ule ni kama kilomita elfu arobaini. Kisha unaunyoosha uzi kati ya miji miwili, unalinganisha. Akatuambia pia kwamba ndege kubwa ya abiria huruka kama kilomita mia tisa kwa saa. "Haya, kila wawili wachague safari yao," akasema.

Nilikuwa na Ziro, mvulana wa Mishomoroni anayekaa Magongo kwa mjomba wake. Huyu Ziro hana haraka na kitu chochote, na akikuuliza swali hakuachi. Nikachagua Mombasa hadi Toronto kupitia Adis Ababa, ili nipate kuwatangazia watu habari za Nyanya. Ziro akashika ncha moja ya uzi Mombasa, nami nikauvuta kaskazini mpaka Adis, nikaupitisha juu ya Ulaya na bahari mpaka Kanada. Tukalinganisha na ikweta. Ulikuwa karibu theluthi yake.

"Elfu kumi na tatu hivi," Ziro akasema. Akaandika taratibu, akagawanya kwa mia tisa. "Saa kumi na nne na zaidi. Na bado hajangoja ndege ya pili huko Adis."

"Haiwezi kuwa," nikasema. "Ni saa kumi na moja. Nimeitoa kwenye tiketi."

"Basi moja kati ya hizi mbili si kweli."

"Uzi wako umelegea."

Tukapima tena. Uzi haukuwa umelegea. Ziro akaniambia, "Twende tukamuulize Mwalimu," na Mwalimu Nyamvula alikuwa pale pale, hatua nne, hana kazi nyingine ila kutusubiri tumuulize.

Sikwenda. Nilijiambia kwamba huenda ndege hiyo ni ya mbio zaidi. Nilijiambia tufe ni la zamani. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimekwisha kusema saa kumi na moja mbele ya Baba, mbele ya Nyanya, mbele ya Sista Lavender na foleni nzima ya kliniki, nikasifiwa. Ningerudije kusema sina hakika? Nikaukunja ule uzi nikautia mfukoni, kengele ikalia.

Jioni hiyo Baba, akifunga sanduku kwa kamba, akaniuliza, "Ile hesabu ya saa, ulimwonyesha mwalimu wako?"

"Ndiyo, Baba. Amesema ni sawa."

Maneno hayo yalitoka yenyewe, mepesi kabisa. Baba akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufunga. Mimi chakula cha usiku kilinishinda, nikamwambia Mama kwamba tumbo linauma, na hapo angalau sikudanganya.

Jumamosi ikafika. Nyanya alijichoma sindano saa kumi na mbili na nusu, akanywa chai yake na mkate, akavaa sweta mbili ingawa joto la Mombasa halikuwa na mzaha. Mama alimwombea mlangoni, akabaki na mdogo wangu. Mzee Kitsao, jirani mwenye teksi, akatupeleka mimi, Baba na Nyanya. Kutoka kwetu hadi uwanja wa ndege ni mwendo wa dakika kumi tu. Nyanya alikuwa na furaha hata akamfundisha Mzee Kitsao wimbo wa kanisani njia nzima, naye ni mtu asiyeimba kamwe.

Wasindikizaji hawaruhusiwi kuingia ndani, kwa hiyo tuliagana nje ya milango ya vioo. Nyanya akanishika mashavu. "Saa kumi na moja si kitu," akasema. "Nitakaa, nitaomba, nitalala, nimefika." Akazima simu yake palepale, kwa kuwa aliambiwa simu hairuhusiwi ndegeni, na Nyanya akiambiwa jambo hulifanya mapema. Akaingia akisukuma kitoroli chake bila kugeuka nyuma.

Tukakaa kwenye benchi tungoje mpaka ndege iruke. Baba alikuwa mtu wa furaha siku hiyo. Alimwambia Mzee Kitsao, "Safari nzima hii ameipanga huyu binti yangu. Mimi nimelipia kamba ya sanduku tu." Mzee Kitsao akanipa mkono wa pongezi. Nikaupokea, nikauachia upesi.

Saa moja na dakika ishirini, simu ya Baba ikalia. Alikuwa amekwenda kununua maji, akaniachia simu. Alikuwa shangazi Valarie.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Lynnette. Ameshaingia mama? Mtoto ameniamsha, nikasema niwapigie kabla sijalala tena. Saa hizi huku ni saa tano na dakika ishirini za usiku."

"Usiku wa leo?" nikauliza kijinga.

Akacheka. "Usiku wa jana, mama! Sisi bado tuko Ijumaa. Tuko nyuma yenu kwa saa nane. Kesho, yaani hiyo Jumamosi yenu na yetu, saa mbili usiku ya hapa tutakuwa uwanjani kumpokea. Kwenu itakuwa Jumapili, saa kumi alfajiri. Nyinyi mtakuwa mmelala."

Nikahesabu kwa vidole. Kutoka saa tatu asubuhi ya Jumamosi hadi saa kumi alfajiri ya Jumapili. Vidole vya mikono yote miwili viliisha, nikaanza upya, vikakaribia kuisha tena. Saa kumi na tisa. Tiketi ilikuwa imeandika saa ya Mombasa upande mmoja na saa ya Toronto upande wa pili, nami nikazitoa kana kwamba dunia nzima inatazama saa moja ya ukutani. Uzi ulikuwa umesema kweli. Saa nane zilikosekana katika hesabu yangu, na katika hizo saa nane Nyanya angekuwa juu ya bahari bila sindano yake, dawa zote zikiwa tumboni mwa ndege ndani ya sanduku.

"Lynnette? Uko?"

"Niko, shangazi. Baba atakupigia." Nikakata.

Nitasema wazi nilichofikiria, kwa kuwa kama nikikificha, kisa hiki hakina maana. Nilifikiria kunyamaza. Nilijiambia Nyanya ni mgumu, huenda akakosa sindano moja na asipate lolote. Nilijiambia hata nikisema, milango imefungwa, sanduku limekwenda. Halafu nikamkumbuka akishushwa kwenye gari kutoka Siaya, macho yamefumba, midomo imepasuka, hanijui jina langu. Miguu yangu ikasimama yenyewe.

Baba alikuwa akirudi na chupa za maji. "Baba," nikasema, na machozi yakaanza kabla ya maneno. "Si saa kumi na moja. Ni saa kumi na tisa. Dawa za Nyanya ziko ndani ya sanduku. Atakosa sindano ya jioni."

Baba akasimama. "Unasema nini wewe? Mwalimu si aliiona?"

"Hakuiona. Nilikudanganya. Alhamisi tulipima kwa uzi ikatoka zaidi, nikaogopa kusema."

Nilidhani atanipiga kofi. Hakunipiga. Uso wake ulibadilika tu, akaziweka zile chupa chini polepole, akatazama saa yake. "Saa moja na nusu," akasema. "Bado. Njoo!"

Tukakimbia. Baba akapiga simu ya Nyanya, ilikuwa imezimwa. Mlangoni, askari akanyoosha mkono. "Tiketi."

"Hatusafiri, afande. Mama yangu yuko ndani, ni mgonjwa, dawa zake..."

"Bila tiketi huingii, mzee. Utaratibu ndio huo."

Baba akaanza kupandisha sauti, askari naye akapandisha yake. Hapo akatokea mzee mmoja mfupi, mwenye kizibao cha rangi ya machungwa na redio mkononi, akitoka ndani. Kifuani ilikuwa imeandikwa Mwinyihaji. "Kuna nini? Salaam aleikum, mabwana. Mbona asubuhi yote hii ugomvi?"

Baba akaanza kueleza, lakini alikuwa akitweta, maneno yakimpishana. Mzee Mwinyihaji akanitazama mimi niliyekuwa nalia. "Wewe mwanangu, nambie wewe. Taratibu."

Nikamwambia yote. Sikuficha hata ile ya Mwalimu. Askari alisikia, Mzee Kitsao aliyetufuata mbio alisikia, na familia moja iliyokuwa ikipakua mizigo ilisikia pia. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini ajabu ni kwamba kila nilipotoa neno moja, kifua kilikuwa chepesi zaidi.

"Jina la bibi?"

"Rosalia Akumu. Ana sweta mbili na sanduku la buluu lenye kamba ya katani."

"Sweta mbili, kwa joto hili! Huyo hapotei." Akainua redio akazungumza, akasikiliza, akakunja uso. "Sanduku limeshapita kwenye mkanda, liko nyuma. Lakini halijapakiwa. Wallahi mngechelewa nusu saa, ningekuwa nawapa pole tu. Ngojeni hapa."

Tulingoja. Sijawahi kungoja vile. Baba alisimama mbele ya kile kioo mikono nyuma, akichungulia ndani. Nilihesabu vigae vya sakafuni, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Ilipofika saa mbili kasorobo mlango ukafunguka, akatoka Mzee Mwinyihaji akivuta sanduku la buluu, na nyuma yake Nyanya, amekasirika kwelikweli.

"Dishon!" akasema. "Huyu bwana anataka nifungue sanduku langu. Nimemwambia sifungui mpaka nimwone mwanangu, wezi siku hizi huvaa hata vizibao. Mmenitoa nje kwa nini? Ndege itaniacha!"

Baba akanisukuma mbele kidogo. "Mwambie mwenyewe."

Nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameshika kiuno. Kisha akafungua fundo la leso yake, akatoa ufunguo, akapiga magoti palepale mlangoni na kufungua sanduku mbele ya watu wote. Zikatoka kanga mpya, shati la mkwe, nepi za kitambaa, mifuko mitatu ya omena, dagaa wakavu wa ziwani, iliyofungwa kwa gazeti, na chini kabisa kopo la biskuti. Ndani ya kopo ndimo zilimokuwa dawa.

"Kwa hiyo," Nyanya akasema akiwa amelishika kopo, "ningefika Toronto nimekauka kama hizi omena."

Mzee Kitsao akashindwa kujizuia, akacheka. Nyanya naye akacheka. Mimi nikazidi kulia, lakini kilio hicho kilikuwa kingine kabisa.

"Bibi," Mzee Mwinyihaji akasema, "hata safari ingekuwa ya saa moja, dawa kama hizi hukaa mkononi. Mizigo huchelewa, mingine hupotea, na huko chini kunaweza kuwa na baridi ya kuiharibu dawa yenyewe. Una barua ya kliniki?"

"Ninayo, ina mhuri."

"Basi ionyeshe, hakuna wa kukuvua nguo. Sindano kama hizo twaziona kila siku ya Mungu." Akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, umejifedhehesha mbele ya watu, sivyo? Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Baba alikuwa amekwisha kumpigia Sista Lavender, akamweka kwenye kipaza sauti. Sista alishtuka, akapumua, kisha akasema maneno machache yanayoeleweka: Nyanya asiiguse saa yake ya mkononi njia nzima, aiache iwe ya Mombasa. Ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni kwa saa hiyo, awaambie wahudumu wamletee chakula, apime sukari, ajichome. Akifika kwa Valarie ampigie, amwelekeze namna ya kuhamia saa za huko. "Na mimi nina kosa langu," akaongeza. "Niliandika nilichoambiwa bila kuuliza."

Nyanya akaliweka kopo mkobani, juu ya Biblia. Akanivuta kifuani, nikasikia harufu ya mafuta yake ya nazi na zile sweta mbili. Hakuniambia lolote kubwa wakati ule. Ndege ilikuwa ikiita abiria. Alininong'oneza tu, "Umeniwahi." Akaingia tena, safari hii akageuka, akapunga mkono.

Tuliporudi kwenye gari, Baba hakuketi mbele. Aliketi nyuma pamoja nami.

"Kukosea hesabu sikulaumu," akasema. "Hata mimi niliitazama ile karatasi nikaikubali, na umri wangu huu. Lakini Alhamisi ulikuwa na majibu mawili yanayopingana, ukachagua lile lililokuwa limekupa sifa. Halafu ukamtumia Mwalimu Nyamvula kama ngao. Hilo ndilo lililotaka kutuulia mtu. Mtu akikosa, anarekebishwa. Mtu akificha, nani atamrekebisha? Nani anajua?"

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe uliposema. Jumatatu utamwendea Mwalimu, umwambie ulivyolitumia jina lake. Peke yako."

"Nitamwambia."

"Na huyo kijana wa uzi, naye mshukuru." Akanishika bega mpaka tukafika nyumbani.

Siku ile ilikuwa ndefu. Saa kumi na mbili na nusu za jioni sote mezani tuligeuka kutazama saa bila kuambiana, Mama ameshika kijiko hewani. Hatukuwa na njia ya kujua. Tulikula, tukaomba, tukalala.

Jumapili saa moja asubuhi, tukijitayarisha kwenda kanisani, simu ikalia. Baba akaikamata kwa mikono miwili. Tulimsikia shangazi akicheka, mtoto akilia, halafu sauti ya Nyanya, kubwa, kama mtu anayetaka Mombasa imsikie bila simu.

"Nimefika! Nimejichoma juu ya mawingu, mhudumu mmoja mrembo amenishikia sahani. Sukari iko sawa. Baridi ya huku ni ya adhabu. Nipeni Lynnette."

Baba akanipa simu. "Shikamoo, Nyanya," nikasema, machozi yakinitoka.

"Usilie, sikia," Nyanya akasema. "Tulipokuwa angani, nimekaa na mama mmoja wa Nakuru. Nikamweleza habari yako. Akaniuliza, huyo mjukuu hukumkasirikia? Nikamwambia, nilikasirika kidogo. Halafu nikatazama ile sindano mkononi mwangu. Mtoto aliyetaka kunikosesha sindano ni yule aliyeona haya kusema 'sijui'. Mtoto aliyenipa sindano ile ni yule aliyesema 'nimedanganya', mbele ya askari na watu wote. Wote wawili ni wewe. Kila siku, mpaka uwe mzee kama mimi, utakuwa ukichagua yupi atoke mbele. Jana ulichagua vizuri, na mimi nimeingia nyumbani kwa Valarie nikitembea kwa miguu yangu."

"Asante, Nyanya," nikasema. Halafu nikaketi sakafuni, simu sikioni, nikalia kwa raha mpaka Mama akaja kunivalisha viatu.